Irabu Moja Chini ya Pikapu

Mwanamke ninayemwelezea hapa ni mshonaji. Kwa miaka kumi na tisa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake, miguu kwenye pedeli ya cherehani, akishona sare za shule, na mtaa mzima humwita Fundi. Mumewe, ambaye kazi yake ni udereva, naye humwita hivyo hivyo, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Si mwanamke wa kelele. Akikosewa hunyamaza, na sindano ikimchoma kidole hukinyonya na kuendelea na pindo. Isingekuwa asubuhi moja tu maishani mwake, nisingekuwa na la kuandika juu yake, na yeye angefurahi zaidi.

Dereva ana pikapu kuukuu ya kubebea mizigo ya watu. Akiwa barazani ni mtu wa maneno mengi na vicheko. Akiingia chini ya gari hugeuka kuwa mtu wa neno moja moja. "Spana." "Taa." "Shika." "Leta." Mkewe huitwa kutoka kwenye cherehani, huchuchumaa kando ya gurudumu, hukabidhi anachoagizwa, hushika anachoambiwa ashike, kisha hurudi kazini kwake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuelezwa kile anachokishika kinafanya kazi gani. Hakuuliza, na mumewe hakuona haja. Simlaumu Dereva peke yake. Nyumba nyingi zinaendeshwa hivyo, mmoja anajua na mwenzake anashika tu, na watu wanaridhika wakisema wanaelewana. Kwangu mimi huo ni uzembe, na uzembe haugeuki kuwa upendo kwa sababu umedumu.

Siku hiyo pikapu ilikuwa na madawati kumi na sita ya mbao na chuma, yaliyopakiwa tangu jana yake, na yalitakiwa yafike shuleni kabla ya saa sita mchana. Saa mbili asubuhi Dereva alitoka nje uani akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limelala chini kabisa, mpira umejikunja kama kandambili iliyokanyagwa.

"Pancha," alisema.

"Pole," alijibu Fundi bila kuinua macho.

"Pole haiingii kwenye ringi."

Tairi la akiba la pikapu hiyo hukaa chini ya bodi, nyuma kabisa, limening'inizwa kwa mnyororo unaojikunja kwenye winchi ndogo. Ukitaka kulishusha, unapitisha chuma kirefu kwenye tundu lililo chini ya namba za gari, unazungusha, na tairi linateremka taratibu mpaka ardhini. Lakini Dereva alikuwa na hofu ya wezi. Miaka mitatu nyuma aliuzungushia mnyororo huo kufuli kubwa kama ngumi, akaufunga, na hakulifungua tena hata kulipaka mafuta. Mwizi hakuja. Matope yalikuja, na mvua, na kutu. Asubuhi ile alilala kwa tumbo, akaingiza ufunguo, ukagoma. Akauzungusha kwa hasira, ukakatikia ndani.

Mama yake mzazi, ambaye anaishi nao na macho yake yameanza kupoteza nuru, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage kwa vidole. Alisikia matusi ya chini kwa chini.

"Kumekuwa nini?"

"Kufuli, mama. Halifunguki."

"Si ulisema hilo hata jambazi haliwezi?"

"Ndiyo."

"Basi hongera. Umejiibia mwenyewe."

Fundi alicheka ndani ya kanga yake. Hakujua kwamba hakitakuwepo kicheko kingine uani mle kwa muda mrefu.

Kwa sababu gari lilikuwa limeinama upande wa pancha, nafasi ya kuingia chini haikutosha. Dereva akaleta jeki ya mafuta, akaitega chini ya chuma kikubwa cha fremu karibu na gurudumu bovu, juu ya kipande cha ubao, juu ya udongo uliokuwa bado umelowa maji ya kufulia. Akapampu. Gari likapanda kiasi cha kiganja. Madawati yaligongana juu, koh, koh.

Hapo ndipo Fundi alipoingiwa na hofu. Hajui habari za magari, lakini anajua uzito. Alisimamisha pedeli.

"Baba nanii, si uyashushe madawati kwanza?"

"Nusu saa hiyo. Sina nusu saa."

"Na hapo chini pameloa."

"Fundi. Wewe shona."

Akashona. Ile hofu ilikuwa na akili kuliko watu wote waliokuwepo pale, naye aliinyamazisha kwa adabu. Adabu ni kitu kizuri, lakini adabu inayomfanya mtu ameze onyo la haki si adabu tena.

Dereva aliingia chini kutokea upande wa kushoto, miguu imebaki nje, akaanza kulikata kufuli kwa msumeno wa chuma. Alikata kwa zaidi ya nusu saa. Ile nusu saa aliyosema hana ilipita yote pale, na nyingine kidogo. Kufuli likaanguka, akashangilia, akatoka, akatia chuma kwenye tundu la nyuma na kuzungusha. Winchi haikucheza. Kutu ilikuwa imeingia na huko.

"Fundi! Njoo ushike."

Alimwekea mikono kwenye kile chuma. "Ukinisikia nasema zungusha, zungusha kushoto." Akarudi chini na nyundo. Ili aifikie winchi ilimbidi aupitishe mkono wa kulia juu ya tairi, na kifua chake kikawa nusu nzima chini yake.

"Zungusha!"

Alizungusha. Nyundo iligonga. Gari lilitetemeka, na kila pigo Fundi alilisikia kwenye meno.

"Zungusha! Tena! Tena!"

Ghafla chuma kililegea mikononi mwake, kisha kikawa kizito. Meno ya winchi yalikuwa yameliwa zamani, na sasa kutu ilipoachana, hapakuwa na kitu kilichoshikilia tairi lile isipokuwa viganja vyake viwili, na hakujua. Kule chini mnyororo ulikuwa umejiviringisha kwenye kifundo cha mkono wa mumewe. Dereva akaona, akapiga kelele.

Alichosema ni "Acha!" Alitaka aache kuzungusha.

Alichosikia mkewe ni "Achia!"

Kati ya maneno hayo mawili kuna irabu moja tu, na irabu hiyo ilipita kwenye kutu, kwenye mwangwi wa bodi la chuma na kwenye kinywa cha mtu aliyelala chali na vumbi usoni. Mke alimtii mumewe kama alivyomtii siku zote. Alifungua viganja vyote viwili.

Chuma kilizunguka chenyewe kwa nguvu na kugonga namba za gari. Kishindo kizito kilifuata, kisha madawati yote kumi na sita yakahamia upande mmoja kwa mkupuo.

"Baba nanii?"

Aliita tena.

Alipiga magoti na kuchungulia. Tairi lilikuwa juu ya kifua cha mumewe. Mkono wa kulia ulikuwa umevutwa juu, kifundo kimebanwa kati ya mnyororo na winchi. Juu ya tairi ulipita ule mhimili wa chuma wa fremu, na kati ya mhimili na tairi palibaki uwazi wa upana wa kiganja. Kisha akaitazama jeki. Ubao uliokuwa chini yake ulikuwa umezama upande mmoja kwenye tope, na jeki yenyewe imeinama kama mtu anayetafuta pa kukaa.

Alielewa yote kwa mara moja, bila kufundishwa. Jeki ikianguka, gari litashuka. Halitashuka sana, kwa kuwa gurudumu bovu lilikuwa bado mahali pake. Litashuka kiganja tu. Lakini kiganja hicho ndicho kilichokuwa uhai wote wa mumewe.

"Uko hai?"

"Nime... banwa." Sauti ilikuwa nyembamba, haikuwa yake. "Pumzi."

Fundi aliitazama mikono yake, akaiogopa kama mikono ya mtu mwingine. Ile jeki ilikuwa na mpini, na skrubu, na vitu vingine viwili vitatu asivyovijua. Kimoja kati ya hivyo hupandisha gari na kingine hulishusha, na yeye hakujua kipi ni kipi. Miaka kumi na tisa.

"Nimesikia kishindo," alisema mama mkwe mlangoni. Maharage yalikuwa yamemwagika. "Kimeanguka nini?"

"Tairi, mama."

"Limemwangukia nani?"

Fundi alipiga ukelele, ambao hata yeye hakujua kama ni jina la Mungu au la mumewe.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, mtu wa kifua kipana ambaye hubeba gunia kwa mkono mmoja na hupenda watu waone. Nyuma yake watu walianza kujaa langoni. Hakuuliza neno. Aliinama, akaishika miguu ya Dereva.

"Tumvute!"

"Usimguse!"

"Shemeji, mtu anakufa hapa!"

"Mkono wake umefungwa juu! Ukimvuta, gari litatikisika!"

Muuza mkaa akaona jeki. "Basi nipampu hii."

Sijui alifikaje pale, lakini Fundi alikuwa tayari kati ya mtu yule na jeki, ameketi kwenye tope, mikono ameitandaza. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka. Meno yalikuwa yakigongana.

"Usi-i-guse."

"Wewe ni fundi wa nguo, dada yangu. Kaa pembeni wanaume wafanye kazi."

Sitaki msomaji adhani kwamba ujasiri ulimshukia. Haukumshukia. Aliogopa kuliko mtu yeyote pale uani, na aliogopa kwa sababu yeye peke yake alikuwa ametazama vizuri. Wale wengine walikuwa na haraka, na haraka huonekana kama ushujaa kwa watu wanaosimama langoni. Kitu pekee alichokuwa nacho Fundi ni kile ambacho kila mshonaji anakijua. Kitambaa kikimezwa na meno ya cherehani, hukivuti. Kwanza unakamata gurudumu la mkono lisizunguke zaidi. Ukishalizuia, ndipo unanasua.

"Kwanza tuzuie gari lisishuke," alisema. "Nileteeni kitu kigumu cha kuweka chini yake. Kisha mtafanya mnavyotaka."

Mtu mmoja alileta matofali kutoka ukuta wa jirani ambao haujakwisha kujengwa. Fundi alibana kona ya moja, ikamong'onyoka kiganjani. "Haya yatapasuka."

Watu walianza kuzozana. Jiwe, gogo, lile pipa. Ndipo sauti ya bibi, yule mama mkwe, ikatoka mlangoni, kavu kabisa.

"Kuna kinu changu jikoni. Hakijapasuka kwa miaka arobaini."

Muuza mkaa alikimbia, akatoka nacho begani, kinu kizito cha mti mweusi. Fundi akamwambia akipindue, mdomo chini. Walikisukuma taratibu mpaka kikakaa chini ya mhimili, shubiri moja kutoka kwenye jeki. Juu yake palibaki uwazi wa vidole vinne. Fundi alilala kifudifudi, akapitisha kibao cha kukatia mboga, kisha kipande cha ubao, mkono wake mzima ukiwa chini ya gari. Alikuwa karibu na uso wa mumewe kiasi cha kuona kutu kwenye kope zake.

"Fundi," alisema Dereva. "Ile skrubu ndogo. Chini ya jeki. Hiyo ndiyo inayoshusha gari. Usiiguse."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kitu kwa sentensi nzima akiwa chini ya gari.

"Skrubu ndogo iliyo chini, siigusi," alirudia.

Alisukuma kipande cha mwisho, ubao mwembamba, vidole viwili vikiwa bado chini ya mhimili. Tope likatoa sauti ya kunyonya. Jeki ililala.

Alichomoa vidole kwa kipimo cha unywele. Gari lilishuka, watu langoni wakapiga yowe, bibi akaita jina la mwanawe la utotoni. Kinu kiliguna. Kilizama kidogo kwenye udongo, kikasimama, na gari likasimama juu yake.

Fundi alifumba macho, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuona kilicho mbele yake. Kisha akasikia kikohozi.

"Bado nipo," alisema Dereva.

Uwazi wa kiganja ulikuwa umebaki wa vidole viwili. Alikuwepo, lakini rangi ilikuwa ikimtoka na maneno yake yalikuja kwa vipande. Ilibidi mnyororo ulegezwe ili mkono utoke, na mnyororo haulegei mpaka kile chuma kirudi kwenye tundu na kizungushwe. Tairi nalo lilitakiwa kushikiliwa lisimkandamize zaidi.

Muuza mkaa alikiokota chuma. "Nipeni mimi. Nina nguvu."

"Hapana," ilitoka sauti chini. "Wewe shika tairi. Chuma mpe Fundi."

"Si ndiye aliye..."

"Mpe Fundi. Yeye anarudia anachoambiwa."

Alikipokea. Hakuna kitu alichowahi kukichukia kama kile chuma. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. Akavifuta kwenye gauni, vikalowa tena. Alikitia kwenye tundu mara ya kwanza, kikakosa. Mara ya pili kikakosa. Mara ya tatu kikaingia.

"Zungusha kushoto," alisema Dereva, akavuta pumzi fupi, "nusu mzunguko. Ukifika nusu, simama. Lakini endelea kukishika kwa mikono yote."

"Kushoto, nusu mzunguko, nisimame, nikiwa bado nimekishika."

"Ukiwa bado umekishika."

Muuza mkaa alilala ubavu, akapenyeza mikono yake mikubwa chini ya ukingo wa tairi, akalikaza. Fundi alizungusha. Uzito ulikuja kwenye mabega yake. Alifika nusu, akasimama, akakikamata chuma kwa mikono yote. Hakikutoka. Alihesabu kimya kimya kama anavyohesabu mishono, akafika thelathini na moja.

"Mkono umetoka," alisema muuza mkaa. Sasa naye alikuwa akinong'ona.

Walilitelezesha tairi pembeni, kisha wakamvuta Dereva kwa miguu, polepole, kama wanavyotoa mtungi wenye maji. Alipofika nje alilala kwenye jua, mdomo wazi. Mkewe alikuwa bado nyuma ya gari. Ilibidi mtu avifungue vidole vyake kimoja kimoja.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na mbavu mbili. Wakiwa hospitali, muuguzi aliuliza imetokeaje. Mtaani tayari hadithi ilikuwa imetengenezwa, kwamba jeki ilikuwa mbovu, na ingekuwa rahisi kuiacha hivyo. Jeki haina wa kuitetea.

"Mimi ndiye niliyeachia," alisema Fundi. "Nilisikia vibaya."

Muuguzi alimtazama Dereva.

"Nilimpa neno moja tu," alisema Dereva, ameshika ubavu wake, "nikataka lingine alijaze yeye. Andika hivyo."

Nimewajua watu wenye vyeo ambao hawajawahi kusema maneno ya namna hiyo. Yale madawati yalichukuliwa na gari jingine mchana ule ule. Watu wanne waliyahamisha kwa dakika ishirini.

Pikapu ilikaa juu ya kinu siku tisa. Baada ya madawati kushushwa hakuna aliyethubutu kuigusa. Usingizini Fundi alisikia madawati yakigongana, na mchana alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, akamwomba mama mkwe, ambaye haoni vizuri, wakaishia kukaa wote wawili na uzi mkononi. Siku ya kumi bibi alisema amechoka kuazima kinu cha jirani. Muuza mkaa akajitokeza na mikono yake. Fundi alimshukuru, akamwambia asubiri langoni.

"Nifundishe," alimwambia mumewe.

Dereva aliketi kwenye kiti, hatua kumi kutoka kwenye gari, mkono kwenye plasta. Mke alitandaza ubao mpana mahali pakavu, akatega jeki juu yake, akapampu mpaka kinu kikawa huru. Alikitoa kwa gongo refu, bila kuingiza hata kiwiko. Ikabaki kulishusha gari.

"Fungua," alisema Dereva.

Fundi aliondoa mkono kwenye jeki, akaugeuza uso na kumtazama. Alingoja.

Dereva alikohoa. "Fungua ile skrubu ndogo ya chini," alisema, "robo ya mzunguko, kuelekea kwangu, halafu uache kufungua, lakini mkono wako ubaki hapo hapo."

Alirudia maneno yote, moja baada ya jingine. Aliweka vidole kwenye skrubu. Kisha akaviondoa tena, akainama mpaka shavu likagusa udongo, akatazama chini ya gari kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mtu. Akazunguka upande wa pili, akainama, akatazama tena.